Poliklonali, monoklonali au rikombinanti: kingamwili ipi uagize ukiwa Dar

Mwanafunzi wa uzamili pale Muhimbili au Mlimani akishapata fedha za utafiti, swali linalomkalia kooni mara nyingi ni la chupa. Bajeti inaruhusu chupa moja ya kingamwili, yaani protini ya kinga inayoshika na kutambua protini anayoitafuta, labda mbili. Akifungua ukurasa wa muuzaji anakuta orodha ndefu kwa protini ileile: hii poliklonali ya sungura, ile monoklonali ya panya, nyingine rikombinanti yenye bei ya kushtua. Wengi huchagua iliyotajwa kwenye makala waliyoisoma, au iliyo nafuu. Makala inaweza kuwa ilitumia kingamwili mbovu, na unafuu unaweza kuishia kwenye utando mtupu, ile karatasi ya maabara ambayo protini ikishikwa huonekana kama mstari. Hasara hiyo ikimpata mtu wa Dar humuuma zaidi kuliko mtu wa Boston, kwa sababu huku chupa ikikukatalia huwezi kuagiza nyingine leo ikakufikia keshokutwa.

Niseme msimamo wangu mapema. Poliklonali iliyosafishwa vizuri bado ina kazi yake, na kuna kazi ambazo hakuna mbadala wake. Lakini iwe kwa kazi fupi yenye mwisho unaojulikana, na ununue bechi moja itakayotosha kazi yote. Ukiwa na mradi wa miaka, au matokeo yatakayolinganishwa na ya maabara nyingine, jibane ununue rikombinanti. Monoklonali ya kawaida iko katikati, na thamani yake inategemea kloni, yaani ukoo wa seli unaoitoa, kwa hiyo uliza jina la kloni kabla ya kuuliza bei.

Koo nyingi, ukoo mmoja, na jeni inayosomeka

Poliklonali hupatikana kwa kumchoma mnyama sindano ya protini au ya kipande cha protini mara kadhaa, kwa kawaida sungura, wakati mwingine mbuzi, kondoo au punda. Baada ya wiki kadhaa hutolewa damu na seramu hutengwa. Ndani ya seramu hiyo mna kingamwili kutoka koo nyingi za seli B, kila ukoo ukishika sehemu yake ya protini. Sehemu inayoshikwa ndiyo epitopu.

Monoklonali ni ya ukoo mmoja. Georges Köhler na César Milstein waliionyesha dunia njia hiyo mwaka 1975 huko Cambridge: waliunganisha seli B kutoka wengu wa panya na seli ya saratani ya mieloma, wakapata haibridoma, seli inayozaliana bila kikomo huku ikitoa kingamwili ya aina moja. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Rikombinanti imekwenda hatua moja mbele. Mfuatano wa jeni ya kingamwili husomwa, huandikwa, kisha hupandikizwa katika seli za maabara kama HEK293 au CHO zitoe kingamwili hiyo kila inapohitajika. Seli zikifa, jeni bado iko kwenye kumbukumbu.

Aliyewahi kuona mwizi akikamatwa Kariakoo ataelewa tofauti ya mbili za kwanza. Umati humshika popote: mmoja shati, mwingine mkono, wa tatu mguu. Shati likichanika, bado ameshikwa. Hiyo ndiyo nguvu ya poliklonali. Protini ikiwa imekunjuka kwa kuchemshwa na SDS, sabuni ya maabara, ikiwa imehifadhiwa kwa formalini, au ikiwa na asidi amino chache tofauti kwa sababu imetoka kwa mnyama mwingine, bado patapatikana mahali pa kuishika. Tena, kwa kuwa kingamwili kadhaa hutua juu ya protini moja, hata protini iliyo chache huonekana. Udhaifu nao uko hapohapo: umati huohuo unaweza kumrukia mpita njia aliyevaa shati la rangi ileile. Monoklonali ni askari mmoja aliyeambiwa atafute kovu fulani tu. Havamii kundi, lakini kovu likifunikwa anampita mtuhumiwa bila kumwona.

Jambo moja kuhusu seramu ghafi, kwa sababu wauzaji wengine bado huiuza hivyo. Kingamwili zinazoshika protini unayoitaka ni sehemu ndogo tu ya zilizomo humo, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi kati ya 0.5 na 5 katika kila 100. Zilizobaki ni kumbukumbu za maradhi yote aliyowahi kuugua sungura yule. Kwa hiyo ukinunua poliklonali, hakikisha karatasi ya maelezo inasema imesafishwa kwa kupitishwa juu ya antijeni yenyewe, yaani ile protini aliyochomwa sungura. Ikisema imesafishwa kwa protini A peke yake, ambayo hunasa kingamwili bila kubagua, maana yake ni kwamba IgG (aina kuu ya kingamwili za damu) zote za sungura zimo, zinazohusika na zisizohusika.

p53 iwe mfano

Maneno ya jumla hayausaidii mfuko, kwa hiyo tuchukue protini moja inayofahamika. p53, protini inayozuia seli zisigeuke saratani, ina asidi amino 393. Uzito wake halisi ni kama kilodaltoni 44 (kipimo cha uzito wa protini), lakini kwenye jeli huonekana karibu na 53, na ndiko jina lilikotoka. Usishtuke mstari usipokaa pale hesabu inaposema.

Kloni maarufu ya monoklonali kwa p53 ya binadamu inaitwa DO-1. Hushika kipande kifupi karibu na mwanzo wa protini, eneo la asidi amino ya 20 hadi 25. Kwenye westani bloti (protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha hutafutwa kwa kingamwili) ya seli za binadamu, kama MCF-7, hutoa mstari safi, na maabara nyingi duniani zina utando wa DO-1 unaoweza kulinganisha na wako. Mpaka hapo monoklonali inaongoza.

Sasa mwambie mtafiti huyohuyo kwamba sampuli zake ni za panya. DO-1 haiitambui p53 ya panya, kwa kuwa kipande kile kinatofautiana. Chupa nzima haina kazi. Au mwambie anatafuta aina fupi za p53, zile zinazoitwa Δ40p53 na Δ133p53, ambazo hazina mwanzo wa protini. Kwa DO-1 hizo hazipo kabisa, na mtu anaweza kuandika kwenye tasnifu kwamba seli zake hazina aina fupi kumbe ni kingamwili isiyoziona. Poliklonali iliyotengenezwa kwa kumchoma sungura p53 nzima ina nafasi ya kuziona zote. Itakuletea pia mistari mingine, na hapo itakubidi ujue upi ni aina fupi, upi ni protini iliyovunjika na upi ni mpita njia.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wengi hulijua wakiwa wameshalipa. Umbo la protini ni sehemu ya epitopu. Kloni PAb1620 huitambua p53 iliyokunjwa sawasawa, wakati PAb240 hutambua sehemu inayojitokeza pale p53 inapopotoka umbo, kama katika mabadiliko mengi ya saratani. (Herufi "PAb" zisikudanganye, zote mbili ni monoklonali.) Katika kuivua p53 kutoka kwenye lisati (mchanganyiko wa seli zilizopasuliwa) isiyochemshwa, tofauti hiyo ni dhahabu. Kwenye westani bloti, ambako kila protini imechemshwa ikanyooka, PAb240 huona p53 zote bila kubagua na PAb1620 haina la kushika. Kwa hiyo mtu akikuuliza "hii monoklonali ni nzuri?", mrudishie swali: kwa kazi gani?

Kwa p53, basi, uchaguzi wangu uko hivi. Seli za binadamu, westani bloti, protini nzima: chukua DO-1 na usihangaike. Aina fupi: poliklonali, pamoja na seli zisizo na p53 kabisa kama Saos-2 au H1299 ili ujue mistari ipi ya kupuuza. Panya: hakikisha imetengenezwa dhidi ya p53 ya panya au imepimwa kwao, iwe ya aina yoyote.

Sungura akifa

Tatizo kubwa la poliklonali ni bechi. Sungura mmoja hutoa seramu yenye ukomo, na akiisha huyo anafuata mwingine ambaye mwili wake umeitikia kwa namna yake. Namba ya katalogi kwenye chupa haibadiliki, lakini kilichomo ndani kinaweza kubadilika: bechi ya mwaka jana ilitoa mstari mmoja, ya mwaka huu inatoa minne. Soko lenyewe nalo hutikisika. Mwaka 2016 kampuni moja kubwa ya Marekani iliyofuga maelfu ya mbuzi na sungura kwa kazi hii ilikubali kulipa faini ya dola milioni 3.5 na kuacha leseni yake, baada ya kesi ya ukatili kwa wanyama. Waliokuwa wakitegemea poliklonali zake ilibidi watafute nyingine katikati ya miradi.

Wapenzi wa monoklonali hupenda kusema wao hawana shida hiyo. Si kweli yote. Haibridoma zinaweza kupoteza jeni au kufa ndani ya friza, na si zote zilizo za ukoo mmoja kama jina linavyodai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima haibridoma 185 ukakuta 59 kati yake zina minyororo ya ziada ya kingamwili, nzito au nyepesi, inayofanya kazi. Karibu theluthi moja! Rikombinanti ndiyo pekee isiyo na mlango huo, kwa kuwa mfuatano unajulikana.

Kwa mtu wa Dar bechi ni suala la hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Chupa ya kawaida ina mikrolita 100. Ukizimua kwa 1:1000 na kutumia mililita 10 kwa kila utando, kila utando unakula mikrolita 10, kwa hiyo chupa inatosha tando 10. Kama tasnifu yako inahitaji tando 40, unahitaji chupa nne, na lazima ziwe za bechi moja. Lakini ukitumia wiki ya kwanza kutafuta kiwango kinachofaa, ukagundua 1:2000 inatosha na chombo kidogo kinahitaji mililita 5 tu, utando mmoja unakula mikrolita 2.5 na chupa moja inabeba tando zote 40. Ndiyo sababu nashauri uanze na chupa moja, upime viwango, kisha umwandikie muuzaji akuwekee kiasi kilichobaki cha bechi hiyohiyo kabla hajaimaliza. Wauzaji wengi hukubali ombi hilo wakiombwa mapema.

Takwimu zinasemaje

Mwaka 2023 mradi wa YCharOS, wenye makao Kanada, ulitoa ulinganisho mpana kuliko mingi: kingamwili 614 za madukani dhidi ya protini 65, nyingi zinazohusiana na ubongo, zikipimwa sambamba na seli zilizoondolewa jeni ya protini husika. Kwenye westani bloti zilizofaulu zilikuwa asilimia 27 ya poliklonali, 41 ya monoklonali na 67 ya rikombinanti. Kwa kutazama seli kwa mwanga wa floresensi zilikuwa 22, 31 na 48.

Mtu akisoma hapo tu ataitupa poliklonali. Asome na mstari wa tatu. Katika kuivua protini kutoka kwenye lisati, poliklonali zilipata 39, monoklonali 32, rikombinanti 54. Poliklonali iliipita monoklonali, na sababu haihitaji mganga: unapovua protini ikiwa na umbo lake la asili, mikono mingi huishika vizuri kuliko mmoja. Kumbuka tu kwamba ukivua kwa kingamwili ya sungura kisha ukatafuta kwa kingamwili ya sungura, mnyororo mzito wa kingamwili utaonekana karibu na kilodaltoni 50 na kuifunika p53 yako. Vua kwa ya sungura, tafuta kwa ya panya.

Jambo jingine katika takwimu hizo ni kwamba hata rikombinanti moja kati ya tatu iliangushwa na westani bloti. Neno "rikombinanti" kwenye lebo linakuhakikishia kwamba chupa ya kesho itafanana na ya leo. Kama ya leo ni mbovu, na ya kesho itakuwa mbovu vilevile. Ripoti za mradi huo ziko wazi kwenye Zenodo, hifadhi ya utafiti ya mtandaoni, hazilipiwi, na baada ya matokeo baadhi ya kampuni ziliondoa sokoni bidhaa zilizoshindwa. Kabla ya kuomba profoma, tafuta protini yako humo.

Kwa upande wa poliklonali kuna hazina nyingine ya bure: Human Protein Atlas ya Uswidi, iliyoanza mwaka 2003. Wameweka picha za tishu kwa kingamwili zaidi ya 25,000, nyingi zikiwa poliklonali za sungura zilizosafishwa kwa antijeni, na kila moja ina maelezo ya jinsi ilivyopimwa. Anayesema poliklonali zimepitwa na wakati aangalie kwanza ramani ya protini za binadamu ilichorwa kwa kutumia kitu gani.

Tishu za hospitali

Anayefanya kazi na vipande vya tishu vilivyohifadhiwa kwa formalini na kuwekwa kwenye nta ana mtihani mgumu kuliko wa westani bloti, kwa sababu hana mistari ya uzito. Kwenye utando ukiona mstari mahali pasipostahili unajua kuna jambo. Kwenye tishu rangi ya kahawia ni rangi ya kahawia.

Mfano wa kutisha ni wa kipokezi cha estrojeni beta katika saratani ya matiti. Kwa miaka mingi makala zilikuwa zikipingana kama protini hiyo ipo au haipo kwenye tishu za titi. Mwaka 2017 watafiti wa Uswidi walipima kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika. Moja tu ilifaulu vipimo vyote, monoklonali inayoitwa PPZ0506 ambayo watu wachache walikuwa wakiitumia. Nayo haikuiona protini hiyo kwenye titi, lenye saratani wala lisilo nayo. Miongoni mwa zilizofeli zilikuwamo poliklonali na monoklonali zenye jina kubwa. Sasa fikiria mtu aliyekwishaomba vitalu vya nta kutoka hospitali, akapata kibali cha maadili, akakata na kupaka vipande vyote kwa mojawapo ya zile 12.

Kwa kazi ya tishu, basi, siangalii sana kama ni poliklonali au monoklonali. Naangalia kama kuna mtu aliyeipima kwa tishu, kwa joto na bafa ileile ya kufunua epitopu, na kama nitapata kitalu ninachojua kwa uhakika kwamba hakina protini hiyo. Kama vyote viwili havipo, protini hiyo iache kwanza.

Mbu na wanyama wengine

Tanzania ina utafiti mkubwa wa mbu, na hapa ulinganisho unageuka tena. ELISA, kipimo cha sahani kinachotumia kingamwili, ya kutafuta sporozoiti (umbo la kimelea linaloingia kwa mtu mbu akiuma) za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, kwenye vichwa na vifua vya mbu hutumia monoklonali 2A10, na uzuri wake ni kwamba kloni hiyohiyo moja hukamata upande wa chini na kutambua upande wa juu. Kwa protini nyingi haiwezekani, kwa sababu epitopu ikishashikwa haipo tena. Protini ya sporozoiti lakini ina kipande cha asidi amino nne, NANP, kinachojirudia mara nyingi, kwa hiyo nafasi ziko tele. Kutumia poliklonali hapa ni kujitafutia usumbufu.

Na bado monoklonali hiyo inaweza kudanganywa. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mbu wanaokunywa damu ya ng'ombe na nguruwe wanaweza kutoa majibu chanya ya uongo. Dawa yake ni kuichemsha lisati dakika 10 kwenye nyuzi 100: protini ya sporozoiti hustahimili joto, kinachodanganya hakistahimili. Mwenye mabonde yenye ng'ombe wengi asiruke hatua hiyo. Vitendanishi vya kipimo hiki husambazwa kwa watafiti waliosajiliwa na BEI Resources ya Marekani, kwa hiyo usikimbilie kununua dukani.

Kwa ng'ombe, mbuzi, kuku au popo, ambao watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro huwafanyia kazi, katalogi ni kavu. Kingamwili nyingi zimetengenezwa kwa binadamu na panya. Hapa poliklonali ndiyo ya kwanza kujaribu, kwa kuwa kati ya epitopu nyingi huenda baadhi zinafanana. Chukua mfuatano wa antijeni iliyochomwa, uulinganishe na protini ya mnyama wako kwenye UniProt, hifadhidata ya mtandaoni ya protini. Dakika chache tu, na zinaokoa laki kadhaa.

Na kama protini yako ni ya kimelea ambacho hakuna kampuni iliyowahi kukijali, poliklonali ya kuagiza itengenezwe ni chaguo pekee lenye maana kwa bajeti ya mwanafunzi. Huchukua miezi miwili hadi mitatu. Dai seramu ya sungura kabla hajachomwa. Bila hiyo huna namna ya kujua mistari ipi ilikuwamo tangu awali. Na kama antijeni ilizalishwa ndani ya bakteria E. coli, tegemea kingamwili zitakazoshika E. coli pia.

NeST, kiwanja cha ndege na umeme

Taasisi za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, na hapo aina ya kingamwili inageuka kuwa suala la maandishi. Ukiandika "kingamwili ya p53, mikrolita 100", atakayeshinda ni mwenye bei ya chini, na atakuletea poliklonali ambayo hukuitaka. Kutaja kampuni kunaweza kukukwamisha. Kinachokulinda ni sifa za kisayansi: mnyama mwenyeji, jina la kloni, epitopu au kipande kilichochomwa, njia ya kusafisha, kazi iliyopimwa, ushahidi wa seli zisizo na jeni hiyo, na sharti la bechi moja kwa chupa zote. Ongeza namba ya RRID, kitambulisho cha kimataifa cha kingamwili, pale ilipo. Msimamizi wako akisema maelezo ni marefu mno, mwambie kwa heshima kwamba chupa isiyofaa huwa inafika kwa haraka ileile.

Bei ya chupa ya kawaida huwa dola 300 hadi 500, yaani zaidi ya laki saba za Tanzania kabla ya usafiri na wakala wa forodha. Tofauti kati ya poliklonali na rikombinanti huonekana kubwa kwenye katalogi. Ukishajumlisha usafiri wa ubaridi, ambao ni uleule kwa zote mbili, inapungua sana kwa uwiano. Mwenye bajeti ya kubana aangalie pia benki ya haibridoma ya Chuo Kikuu cha Iowa, DSHB, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambayo huuza monoklonali kwa bei ya chini kuliko kampuni nyingi.

Mzigo ukikaa siku mbili tatu Uwanja wa Julius Nyerere na barafu za jeli zikayeyuka, usiutupe. IgG ni protini imara. Nyingi hustahimili siku kadhaa kwenye joto la kawaida. Zipime kabla ya kulia. Wasiwasi uwe kwa kingamwili zilizounganishwa na peroksidesi (kimeng'enya kinachotoa ishara) au rangi, hizo ni laini zaidi.

Umeme ndio unaozimaliza polepole. Kingamwili yenye glisaroli nusu kwa nusu haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi haigandi na kuyeyuka mara kwa mara. Seramu isiyo na glisaroli huganda kila mara, na kila mzunguko unaiumiza. Igawe kwenye vijichupa siku inapofika. Friza linalojiyeyusha barafu lenyewe, zuri kwa nyama, si la kingamwili. Kabla ya kugawa soma kama ina sodiamu azaidi, kwa sababu hiyo huua nguvu ya peroksidesi, na pia seli hai.

Na ya pili

Wanaoibeza poliklonali husahau kwamba wanaitumia kila siku. Kingamwili ya pili, ile ya mbuzi dhidi ya sungura au dhidi ya panya iliyobeba peroksidesi, karibu kila mara ni poliklonali, na ndivyo inavyotakiwa iwe: unataka nyingi zitue juu ya kingamwili ya kwanza ili ishara ikue.

Aina uliyochagua mwanzo ndiyo inayoamua hii. Poliklonali ya sungura inataka dhidi ya sungura, monoklonali ya panya inataka dhidi ya panya. Ukiweka ya panya kwenye tishu za panya, ya pili itashika kila IgG iliyomo ndani ya tishu, na picha yote itakuwa kahawia. Hapo rikombinanti au poliklonali ya sungura inakuokoa. Poliklonali ya mbuzi ina mtego wake: kingamwili ya pili dhidi ya mbuzi hushika pia IgG za ng'ombe, nazo zimo kwenye maziwa ya unga unayozibia utando. Tumia BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) iliyosafishwa isiyo na IgG, au kizibio kisicho na protini ya ng'ombe kabisa. Na ukizibia kwa maziwa ya kawaida, yawe yasiyo na mafuta. Makopo mengi ya dukani ni ya mafuta yote. Kwa protini zenye fosfati achana na maziwa, kwa sababu kaseini yenyewe ina fosfati.

Iandike kingamwili ya pili kwenye profoma hiyohiyo ya kwanza. Ikisahaulika, chupa ya laki saba itakaa kwenye friza ikisubiri mzunguko mwingine wa NeST.